Kura ya Mtu wa Dole Gumba

Mimi nasema, mtu mwingine anaandika, na nimemwambia asininyooshee maneno. Shule niliishia darasa la pili. Nasoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe: naweka mguu, nasimama, natafuta jiwe lingine. Jina kwenye ubavu wa mtumbwi nalisoma. Barua ya mtu naisoma siku nzima. Lakini mdomo wangu haukuhitaji shule, na hilo kijiji chote kinalijua.

Huku kwetu ziwa limetuzunguka pande tatu, na kazi yetu wanawake ni dagaa. Zinakuja na mitumbwi alfajiri, tunazimwaga kwenye chanja, jua likipanda tunageuza. Redio yangu inaning'iniaga kwenye mti wa chanja ya kwanza, naifungulia mpaka mwisho ili hata wale wa chanja za mwisho wasikie. Na tulikuwaga tunamsikiliza mtu mmoja tu, yule mkimbiaji.

Alikuwaga mkimbiaji wa mbio ndefu, mtoto wa upande wa Butiama. Alikimbia mpaka nchi za baridi, akarudi na medali. Miguu ilipochoka akaingia redio, pale Musoma mjini, akawa anatangaza mpira. Siku hizi mpira anausema dakika mbili. Kinachobaki chote ni siasa.

Sitaficha, nilikuwa nampenda. Alimwambiaga mbunge hewani kwamba anaonekana jimboni kama ng'ombe aliyepotea, akirudi watu wanauliza alikuwa zizi la nani. Mganga wa zahanati akiuza dawa za bure, atasemwa asubuhi na watu wanakunywa chai. Mimi nilikuwa nampigia makofi peke yangu na mikono inanuka dagaa. Wenzangu wakasema, "Bibi ana mchumba redioni." Nikawaambia ndiyo, na ana medali, waume zenu wana nini.

Sasa diwani wetu alifariki, ikabidi tupige kura ya kuziba nafasi. Zilikuwa zimebaki wiki mbili. Asubuhi moja yule mkimbiaji akaanza kwa sauti yake ya kusogea karibu na kinywa cha maiki.

"Leo nitasema jambo na mtanitukana," akasema. "Mtu hajui kusoma. Siku ya kura anaingia kituturini na msaidizi, kwa sababu sheria inamruhusu. Nawauliza, pale ndani nani anapiga kura? Msaidizi. Hizi kura za dole gumba ndizo zinatuletea viongozi wa ajabu. Nchi ni mbio. Kama huwezi kusoma hata jina la unayemchagua, kaa pembeni ushangilie wenye mbio zao."

Wengine chanjani wakacheka, maana anachekesha hata akikutukana. Mimi nilibaki nimesimama na dagaa zimejaa viganjani. Nikamgeukia mke mwenzangu.

Niwaambie huyu ni nani. Mzee wetu alituoa wawili kabla hajabatizwa. Alipotaka kubatizwa padri akamuuliza yupi anabaki, mzee akasema basi nitabatizwa nikizeeka, na kweli akabatizwa akiwa hawezi hata kupiga magoti. Amekufa, sisi tumebaki, nyumba mbili, jiko moja. Mimi mkubwa, yeye mdogo. Mimi nasema, yeye ananyamaza. Yeye alizaliwa Mugeta, kwenye ng'ombe, akachunga ndama mpaka anaolewa. Shule aliiona kwa nje tu, akipita na ndama. Kwenye karatasi yoyote ya serikali anaweka dole, na kila kura tangu tuwe na kura mimi ndiye msaidizi wake. Tunaingia kituturini wawili, tunatoka wawili.

Hakunyanyua kichwa. Aligeuza dagaa zake mpaka mwisho wa chanja, akasema, "Amesema kweli."

"Kweli gani?"

"Hiyo aliyosema."

Jioni tunamenya mihogo nikalirudia lile la kura. Nikamwambia siku ya kura tutatoka mapema kabla jua halijawa kali.

"Dada, mimi siendi," akasema. "Nenda wewe. Mimi nitaangalia dagaa."

"Dagaa zitaangaliwa na Mungu. Miaka yote umeenda."

"Mwaka huu siendi. Nitakaa pembeni kama alivyosema."

Nilikasirika mpaka kisu kikanikata kidole. Hamjaelewa bado kwa nini. Ngojeni.

Zamani, bado nina nguvu, tulikuwaga tunapeleka dagaa Bunda, mimi na yeye. Siku moja tukakuta uwanjani kuna mashindano, vijana wa mkoa mzima, na palipo na watu wengi ndipo pa kuuzia. Tukakaa chini pembeni ya mstari wa chokaa. Ikaanza mbio ndefu, mizunguko ishirini na tano. Kulikuwa na kijana mmoja amevaa bukta ya kushonewa na mama yake, peku, nyayo zimepasuka kama za wachunga ng'ombe. Mke mwenzangu akamwona akacheka kidogo, akasema huyu ni wa kwetu. Akatoa punje za mahindi kwenye fundo la kanga.

Hizo punje ni za kazi. Tukipima dagaa kwa tajiri, kila ndoo ikimwagwa, muuzaji anaweka punje moja kwenye mapaja na mnunuzi anaweka yake. Mwisho mnalinganisha. Mimi nikipima nakosea, kwa sababu nikianza kusema na mtu nasahau kuweka. Yeye hajawahi kukosea hata ndoo moja. Matajiri walikuwaga wanamwachia yeye ahesabu za pande zote mbili.

Basi kijana akipita, punje moja. Akipita, punje moja. Mimi nauza, nacheka na watu. Mvua ikashuka, ile ya kupita tu. Mwalimu aliyekuwa anaandika mizunguko kwa chaki ubaoni, mistari ikatiririka. Akafuta na mkono wa shati akaandika upya kwa kichwa. Kijana akamaliza, akanyoosha mikono, akaanguka kwenye majani. Mwalimu akamwambia inuka, umebakiza mmoja. Hakuweza hata kukaa. Wa pili akafika, wakamvalisha utepe.

Mke mwenzangu akaniambia, taratibu kabisa, "Ishirini na tano."

Nikamwambia waambie. Akasema, "Waambie wewe."

Nikabeba zile punje kwenye kiganja, nikaingia uwanjani. Mwalimu akaniuliza, "Mama, umesoma wapi wewe?" Nikamwambia sijasoma, nimehesabu. Watu wakacheka. Nikakataa kutoka. Nikasema kama mna ishirini na nne zenu zileteni tulinganishe. Ndipo yule mwenye saa akakumbuka kwamba alikuwa anaandika muda wa kila mzunguko kwenye daftari, kalificha tumboni mvua isiliguse. Wakafungua, wakahesabu mistari. Ishirini na tano. Utepe ukahama shingo.

Kutoka pale ndiyo akachukuliwa kambini, ndiyo akaenda huko kwenye baridi. Sasa mtu huyo ndiye anamwambia mwanamke yule akae pembeni ashangilie. Mnaona kwa nini kisu kilinikata.

Kesho yake nikaenda kwa mwenye duka, nikamwambia nipigie redio. Ikaita, ikaita, ikakubali.

"Nani yuko hewani?" akauliza.

"Ni mimi."

"Mimi nani, unapiga kutoka wapi?"

"Mimi bibi wa dagaa. Kutoka huku zinakokauka."

Akacheka, na mwenzake wa studio akacheka. "Karibu bibi. Una maoni gani?"

"Sina maoni, nina swali. Mbio zako za Bunda nani alikuhesabia?"

"Bibi, hiyo nimeisimulia mara nyingi. Ni daftari. Kuna mtu alijua kuandika, akaandika. Ndiyo maana nasema watu wasome. Bila daftari lile leo ningekuwa nachunga."

"Na daftari nani alilifunguisha?"

"Bibi, mtandao unasumbua huko kwenye dagaa," akasema, akaweka muziki.

Mtandao ulikuwa mzima. Mwenye duka alikuwa amesimama na mimi, akaniambia mistari ya mtandao yote imejaa kwenye simu. Nikarudi nyumbani. Mke mwenzangu alikuwa amesikia yote, maana redio haikuzimwa. Nikadhani atafurahi nimempigania. Akaniuliza tu kama nimenunua chumvi.

Siku tatu hazikupita nikaenda Musoma. Nilikuwa na gunia la kumpelekea mteja sokoni, sikwenda kwa hasira peke yake, ingawa hasira ilikuwa nzito kuliko gunia. Nikafika getini kwa redio, mlinzi akaniuliza nina miadi. Nikamwambia nina dagaa. Akafungua. Nilijua atafungua, mtu wa Musoma hakatai dagaa kavu za juu ya chanja.

Alitoka mwenyewe. Nilimtazama nikatafuta yule kijana wa bukta, nikamkuta machoni tu. Amekuwa mzito, tumbo limetangulia, viatu vinang'aa. Akanishika mkono kwa mikono miwili, adabu anayo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba baba. Ni mimi wa mtandao mbovu."

Akacheka, akainamisha kichwa. Tukakaa kwenye benchi la mlinzi. Nikamweleza yote, mvua, ubao, chaki, kiganja changu. Akasema anakumbuka mama mmoja anapiga kelele uwanjani, lakini alikuwa chini kwenye majani anatapika, hakujua anapigia kelele nini. Alivyoambiwa baadaye ni daftari.

"Basi bibi nimekukosea," akasema. "Wewe una akili. Njoo kesho nikuweke hewani, usimulie, watu watafurahi."

"Hayo uliyosema unayafuta?"

"Ya kura? Hapana, yale nasimama nayo. Nilikuwa sisemi watu kama wewe, wewe ni tofauti. Nasema wale ambao hawajui chochote, wanashikwa mkono tu."

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira ya kweli. Nimeshasikia hilo la wewe ni tofauti. Tajiri anakuambia hivyo akitaka kuwapunja wenzako. Nikamwambia, "Aliyehesabu siyo mimi. Mimi niliishia darasa la pili na nilikuwa nauza maneno. Aliyehesabu ni mke mwenzangu, ambaye hajui hata a. Huyo unayesema anashikwa mkono. Na sasa hatoki kwenda kupiga kura kwa sababu yako."

Akanitazama vizuri. Yule mtu ana masikio, ndiyo maana redio anaiweza. Akasema, "Anapoenda kupiga kura, nani anaingia naye?"

"Mimi."

"Na huwa unamuulizaga anamtaka nani?"

Nikamwambia maswali ayaulize wabunge. Nikainuka. Mlinzi nilimchotea dagaa za gunia, mtangazaji sikumpa hata moja. Akanisindikiza mpaka getini akiniita mama, nami sikugeuka.

Njia nzima nilikuwa namjibu. Ninasema kwa sauti, mpaka mama mmoja aliyekaa na mimi akaniuliza kama nimefiwa. Ati namuulizaga. Mimi namjua yule mwanamke, nimekula naye chungu kimoja maisha yote, najua akitaka chumvi kabla hajanyoosha mkono, nimuulize nini? Kwenye kituturi naona picha, naweka alama, tunatoka. Hajawahi kulalamika. Nikajibu hivyo mara tano, na kila nikijibu jibu linakuwa dogo.

Nilimkuta mke mwenzangu anapepeta. Nikamwambia nimeonana na mtu wa redio, nimemsema mpaka amekosa pa kuweka mikono.

"Umemwambiaje?"

"Nimemwambia wewe ndiye uliyehesabu."

Akaacha kupepeta. "Umemwambia hivyo? Kwamba ni mimi?"

"Ndiyo."

"Mbona siku ile Bunda hukusema?"

Nikamuuliza siku gani. Akasema, "Uliingia uwanjani ukasema nimehesabu. Mimi nimehesabu, ndivyo ulivyosema. Ukarudi watu wanakupongeza, hata soda ulipewa wewe."

"Si ulisema niwaambie mimi?"

"Niliwaza utawaambia kwamba mwenzangu amehesabu."

Miaka yote hiyo. Mzee amekufa, watoto wameoa na kuolewa, amekaa na lile neno tumboni na ananipakulia ugali. Nikasema mbona hukuniambia. Akasema, "Ningekuambia saa ngapi, dada? Ukinyamaza ni umelala."

Nataka mjue kwamba nilikasirika. Sikuwa mtu mzuri pale. Nilimwambia hana shukrani, nimeenda mpaka Musoma kwa ajili yake, magoti haya. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia kwa siku moja.

"Yule mtu amenitukana, najua. Lakini nilivyosikia pale ndani nani anapiga kura, mimi nilijua. Ni wewe. Kura iliyopita nilikuwa namtaka yule mama aliyekuja hapa na kanga ya njano, akatuuliza dagaa zinaozaje masika. Wewe ukaweka alama kwa yule mwenye pikipiki, ukaniambia tayari twende. Nikatoka na wino wa bure kidoleni. Bora nibaki na dagaa."

Mama wa kanga ya njano alishindwa kura ile. Huyu diwani aliyefariki alimpita kwa kura chache, na mwenye pikipiki akawa nyuma yao. Sikumwambia hilo, alikuwa analijua.

Niseme tena kwamba yule mtangazaji alikosea, na mpaka leo namwambia amekosea. Aliona ugonjwa akaandika dawa ya kumuua mgonjwa. Mtu ameporwa kura yake na ndugu yake wa jikoni, wewe unamwambia basi usiwe nayo kabisa. Hiyo ni akili ya mtu aliyezoea kukimbia mbele peke yake, hajui walio nyuma wanasukumana vipi. Angesema nyie wasaidizi mna midomo mirefu, nyamazeni mle ndani, ningeweka dagaa mezani pake gunia zima. Hakusema hivyo. Alimwonea asiyeweza kupiga simu.

Lakini kazi ilikuwa yangu. Zilibaki siku chache. Nikamwambia, "Utaingia peke yako."

"Nitajuaje?"

"Picha zipo. Mama wa kanga ya njano anagombea tena, mwenye pikipiki naye yumo, na sura za watu unazijua kuliko mimi."

"Nikiharibu?"

"Utaharibu ya kwako."

Akafikiria. Akasema nimwonyeshe. Nikachukua mkaa nikachora kwenye kipande cha boksi vyumba vitatu, kila chumba nikaweka kitu, jani, unyoya, kichwa cha dagaa, na pembeni kisanduku. Nikamwambia weka alama ya vema kwenye kisanduku cha unayemtaka, usitoke nje ya mstari. Kalamu alikuwa hajawahi kuishika. Aliibana kama anachinja kuku. Mara ya kwanza alitoboa boksi. Mara ya nne ikawa vema ya kuonekana kwa mbali. Akaniambia nigeuke nyuma, anataka kujaribu bila kuangaliwa. Nikageuka, nyumbani kwangu, nikatazama ukuta.

Siku yenyewe tulitoka asubuhi, amevaa gauni la kanisani. Msimamizi pale shuleni alikuwa kijana mpole. Akamwona anatoa dole la kuweka wino, akamuuliza, "Bibi, unajua kusoma? Una msaidizi?"

Mimi mdomo ukafunguka wenyewe. Nikaufunga. Jamani, niliufunga.

Akasema, "Sijui kusoma. Sina msaidizi. Naingia."

Alikaa mle ndani muda mrefu. Mstari ukaanza kunung'unika. Mwanaume mmoja akasema, "Huyo bibi anapika humo?" Nikamgeukia nikamwambia hata akichemsha kunde utasubiri, na akitaka kupakua utampa sahani. Watu wakacheka, akatulia. Nilikuwa natazama miguu yake chini ya kile kituturi cha boksi, imetulia, haisogei. Nikawaza kalamu imekwisha wino. Nikawaza ameduwaa. Nilijishika kanga kwa mikono yote miwili nisiende.

Akatoka. Karatasi ameikunja mara nyingi mpaka imekuwa ndogo kama ya kufungia ugoro, ikabidi msimamizi amsaidie kuisukuma kwenye sanduku. Akanipita kama hanijui, akaenda kunisubiri kivulini.

Na mimi nikapiga yangu, nikatoka mbio.

"Haya," nikamwambia. "Umempa nani?"

Akafunga kanga vizuri kiunoni. "Si unamjua."

"Sijui. Niambie. Mama wa kanga ya njano?"

"Twende, dagaa zinangoja kugeuzwa."

"Mwenye pikipiki?"

"Twende dada."

Nimemuuliza njiani, nimemuuliza jikoni, nimemuuliza Jumapili tunatoka kanisani nikidhani Roho Mtakatifu amemlainisha. Anatabasamu tu. Mimi ambaye najua akitaka chumvi. Diwani amepatikana, kazi ameanza, na kila nikimsifu au nikimponda namtazama usoni nione, sioni kitu. Inaniudhi, siwezi kuwadanganya. Jana nimemuuliza tena, akanisogezea bakuli, akasema, "Kula, ugali unapoa."